Vunjajungu Katika Nyumba ya Koplo

Jina la vunjajungu halikutolewa bure. Watu wa pwani husema kwamba mtu akimgusa mdudu huyo, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye kitamponyoka na kuvunjika. Ndiyo maana wako akina mama wengi ambao, wakimwona mtoto akimkaribia, humwita kwa sauti kali kabla hajaunyosha mkono. Jina hilo hilo hupewa pia ile karamu ya siku ya mwisho kabla ya kuingia mwezi wa Ramadhani, lakini hiyo ni habari ya furaha, na haimtishi mtu.

Mwezi Mei 2023, katika kambi moja ya jeshi isiyo mbali na mji wa Jinja, nchini Uganda, mdudu huyo alileta mgogoro katika nyumba ya koplo mmoja ambaye wakati huo hakuwapo. Alikuwa Somalia pamoja na kikosi cha Uganda katika jeshi la Umoja wa Afrika, kazi ambayo askari wa nchi hiyo waliianza mwezi Machi 2007. Nyumbani alimwacha mkewe, watoto watatu, na mama mkwe wake, bibi mzaliwa wa Tanga aliyekuja kumsaidia binti yake kulea.

Binti wa pili wa koplo, mwenye umri wa miaka kumi, ndiye aliyeleta mambo. Alikuwa amekata kijiti katika ua wa nyuma ya jiko, na kwenye kijiti hicho palikuwa na kitu cha rangi ya majani makavu, chepesi, kama povu la sabuni lililoganda. Jirani yao, sajini mstaafu ambaye siku hizi kazi yake ni bustani ya mboga, alimwambia kuwa hicho ni kifuko cha mayai ya vunjajungu. Jike hutoa povu pamoja na mayai, povu likakauka na kuwa nyumba. Ndani yake hulala mayai makumi, na kwa aina zile kubwa za kijani mara nyingi hupita mia. Mtoto akakitia kifuko katika chupa yenye mdomo mpana, akaiweka juu ya kabati, na kwa wiki kadhaa akaisahau.

Mayai hayakusahau. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, kifuko kilikuwa kimening'iniza watoto kwa nyuzi nyembamba, wengi wakiwa kichwa chini, kila mmoja akijinasua kutoka katika ngozi yake ya kwanza. Kufikia saa nne walikuwa wametawanyika chupa nzima, wembamba kama nyuzi za kushonea, hakuna aliyefikia urefu wa sentimita 1, na kila mmoja akigeuza kichwa kumtazama anayemtazama. Wenye elimu ya wadudu huwaita watoto wa namna hiyo tunutu, kama wale wa nzige. Nyumba nzima ilikuja kuangalia. Bibi alitazama kutoka mlangoni, akasema, "Audhubillahi," akarudi jikoni kuhesabu vyungu.

Mtoto aliwapenda mara moja, na kwa mapenzi hayo aliwaua wengi. Aliwagawa katika vyombo viwili, chupa ile na kopo la mafuta ya kupikia. Akawatilia chembe za posho, kama afanyavyo mtu kwa vifaranga. Akawawekea maji katika vizibo vya soda. Chupa akaifunika kwa kipande cha chandarua alichokikata pembeni mwa kitanda chake, na kopo, kwa kuwa kipande hakikutosha, akalifunika kwa soksi kuukuu ya nailoni ya mama yake. Jioni watano walikuwa wamekufa maji ndani ya vizibo. Posho haikuguswa. Na kesho yake asubuhi, wale wa chupa karibu wote walikuwa chini, chali, wakitikisa miguu. Kabla ya chakula cha mchana hakuna aliyetikisika.

Alilia hata akashindwa kwenda shule. Ndipo sajini mstaafu alipoitwa, naye hakuanza kwa kufariji bali kwa kuuliza maswali, kama mtu aliyezoea kuandika taarifa. Je, wa kopo wamekufa? Hapana, wa kopo wazima. Je, walipewa chakula tofauti? Hapana. Maji? Yale yale. Basi tofauti ni nini? Mtoto akatazama vyombo viwili, akatazama vifuniko. Chandarua kile ni miongoni mwa vile vilivyotiwa dawa kiwandani, ambavyo serikali huvigawa bure kwa ajili ya kuzuia malaria. Dawa hiyo haimdhuru mtu anayelala chini yake, lakini kazi yake ni kuua mdudu anayeigusa, nayo haiulizi kama mdudu huyo ni mbu au ni rafiki. Tunutu hupenda kutembea chini ya kifuniko, miguu juu, na kwa kufanya hivyo walikuwa wakitembea juu ya sumu usiku kucha.

Mama alipopata habari alikasirika zaidi kwa ajili ya chandarua. Hilo lilikuwa haki yake. Chandarua chenye tundu ni mlango wazi kwa mbu, na kukikata kwa ajili ya wadudu ni kosa ambalo hata baba yake, aliyeko vitani, angelisikitikia. Kilishonwa usiku huo huo.

Katika kopo walibaki tunutu kumi na tisa. Sajini alimfundisha mtoto jinsi ya kuwatunza, na mafundisho yake yafaa yaelezwe kwa urefu, maana watoto wengi katika kambi hushika wadudu na kuwafungia, na wengi wa wadudu hao hufa kwa njaa katikati ya chakula au kwa kiu kando ya maji.

Vunjajungu hali kitu kilichokufa wala kitu kisichosogea. Si posho, si jani, si nyama. Macho yake yanatafuta mwendo. Huko Newcastle, Uingereza, wataalamu waliwahi kuwavisha vunjajungu miwani midogo iliyobandikwa kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha picha, ili kujua jinsi wanavyopima umbali wa windo. Mwaka 2018 walitangaza kwamba mdudu huyo hupima umbali wa sehemu inayobadilika, si ya picha iliyotulia. Sajini alikuwa amesikia habari hiyo redioni na aliisimulia kwa furaha nyingi, hasa ile miwani.

Basi chakula cha tunutu wa siku za kwanza ni kile kilicho hai na kilicho kidogo kuliko yeye mwenyewe. Kilicho bora ni wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Katika Uganda hakuna nyumba inayokosa ndizi. Chukua ndizi moja laini, iponde, iweke katika chupa tupu, na juu yake tia faneli ya karatasi yenye tundu dogo chini. Inzi huingia kwa kufuata harufu, wasijue njia ya kutoka. Baada ya siku moja au mbili wako makumi, na usipowatoa wote watataga humo humo, na katika joto la kawaida la huko kizazi kipya huruka baada ya siku kumi hivi. Mwenye kutunza chupa mbili, moja ikianza wiki moja baada ya nyingine, hatakosa chakula. Ndizi ikiota ukungu mwingi, itupwe na kuanzwa upya. Pasipo inzi, vidukari wanaojazana chini ya majani ya kunde na ya sukuma hufaa, mradi bustani haikupigwa dawa. Chungu na siafu wasitiwe kamwe: hao huingia wakiwa chakula wakatoka wakiwa wala. Kwa sababu hiyo miguu ya meza ya mtoto iliwekwa ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta.

Katika siku ya kwanza tunutu huweza asile kabisa, na hapo mtoto asihangaike. Baadaye inzi wawili au watatu kila siku, au siku moja kwa siku moja, watamtosha. Kipimo ni tumbo lake. Likiwa bapa, ana njaa. Likiwa limejaa, aachwe. Kumshindilia chakula si upendo, maana mwenye tumbo zito hujiweka katika hatari akianguka.

Ama kuhusu maji, hapa ndipo wengi hukosea. Tunutu hanywi kutoka katika bakuli. Katika maisha yake ya porini hunywa umande uliokaa juu ya majani, na tone moja kubwa laweza kumshika kama gundi likamzamisha. Lakini nyumba ya mabati saa nane mchana itamkausha upesi kuliko njaa. Kwa hiyo apewe ukungu wa maji, si maji. Kambini hakuna aliyekuwa na chupa ya kunyunyizia. Sajini akachukua mswaki uliochakaa, akauchovya katika maji ya mvua, akaupitisha kidole gumba juu ya nywele zake, na matone madogo mno yakarukia ukuta wa kopo. Tunutu mmoja akasogea, akainamisha kichwa, akanywa. Mtoto alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Mara moja asubuhi yatosha, na wakati wa kiangazi tena jioni. Lakini kopo lipate hewa na likauke kabla ya usiku, kwani unyevu usiokauka huleta ukungu.

Hayo yote yalikuwa yakienda vizuri hata ilipofika Jumatano ya tarehe 24 Mei. Mtoto alikuwa amempandisha tunutu mmoja juu ya kidole ili kusafisha kopo. Kisha bibi akamtuma kuchota maji. Chungu cha maji ya kunywa, kile kilichokuja na bibi kutoka Tanga, kikapasuka mikononi mwake na maji yote yakamwagika sebuleni.

Hakuna aliyesema neno. Bibi aliokota vigae. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho asione mdudu hata mmoja katika nyumba yake. Mtoto akabeba kopo akalipeleka kwa sajini.

Siku ya pili yake baada ya hiyo, Ijumaa tarehe 26 Mei 2023, kituo cha jeshi la Uganda huko Buulo Mareer, kusini magharibi ya Mogadishu, kilishambuliwa alfajiri na al-Shabaab, na askari wengi wa Uganda wakapoteza maisha. Habari zilifika kambini vipande vipande, kama zifikavyo siku zote. Koplo hakuwa katika kituo hicho. Lakini mkewe hakujua hakika, kwa kuwa mara ya mwisho walipozungumza alisema huenda wakahamishwa. Simu yake haikupatikana Ijumaa. Haikupatikana Jumamosi. Wake wa askari wanaoyasoma haya hawahitaji kuelezwa siku hizo mbili zilivyo, na wale ambao hawakupata kuzijua, maelezo hayatawasaidia.

Usiku wa Jumamosi mama hakulala. Alikuwa amekaa katika nyumba ya sajini pamoja na mke wa sajini, kwa sababu nyumbani kwake palikuwa na ukimya asioweza kuuvumilia, na hapo juu ya meza palikuwa na kopo lile. Mwanzo hakulitazama. Baadaye, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, alisogeza taa. Tunutu mmoja alikuwa ananing'inia chini ya soksi, kichwa chini, hasogei, na mama akadhani amekufa. Alipotaka kumgusa, mke wa sajini alimzuia mkono. Mdudu alikuwa anajivua ngozi. Mgongo ulipasuka, na kutoka katika ngozi ya zamani akateleza mwingine, mweupe, laini, mkubwa kuliko ile nyumba aliyotoka, akijiachia polepole mpaka ikaonekana ataanguka. Kisha akajikunja, akaishika ngozi yake tupu kwa miguu, akabaki hapo akikauka. Kazi nzima haikufikia saa moja. Wakati huo wote wanawake hao wawili hawakusema lolote.

Asubuhi, kabla jogoo wa sajini hajawika mara ya pili, mama alichukua mswaki akawanyunyizia maji. Hakuna aliyemwomba.

Simu ya koplo iliita Jumapili baada ya adhuhuri. Alikuwa salama, kituo chake kilikuwa mbali na mahali pa mashambulizi, ila mawasiliano yalikuwa yamefungwa. Mama alizungumza naye muda mfupi, akampa bibi simu, akaenda nje. Aliporudi alimwuliza bibi swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu Jumatano. Bibi alimtazama kwa mshangao.

"Mwanangu," akasema, "vunjajungu huvunja chungu. Nani alikuambia anavunja mtu? Na kile chungu kilikuwa na ufa tangu kabla ya Idi. Nilikuwa nakijua. Sikutaka kusema kwa sababu ningeambiwa ninunue kipya."

Kopo likarudi nyumbani. Bibi aliweka sharti moja tu, kwamba mwenye kumshika mdudu asishike chombo chake chochote mpaka amenawa mikono, na kwa usafi wa jikoni sharti hilo halina ubaya wowote.

Kati ya wale kumi na tisa, kufikia katikati ya Juni walibaki kumi na mmoja. Wengine hawakufa bali waliliwa na ndugu zao. Maadamu ni wadogo sana na chakula ni kingi huvumiliana, lakini wakishajivua ngozi mara mbili, kila mmoja apate chumba chake. Kambi nzima ikaombwa chupa za jam na chupa za plastiki. Chumba kiwe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu, na juu pawe na kitambaa chenye matundu ambacho kucha zake zinaweza kukishika, kwa maana asiponing'inia vizuri hawezi kujivua, na asipojivua hawezi kukua. Siku moja au zaidi kabla ya kujivua hukataa chakula. Hapo windo lote litolewe. Kaka wa mtoto, kwa kutaka kusaidia, alimtia panzi mzima katika chupa ya mmoja aliyekuwa ananing'inia. Panzi akamgonga, akaanguka akiwa bado laini, na miguu yake ikakauka ikiwa imepinda. Hakuishi wiki. Kaka yule aliadhibiwa kwa kupewa kazi ya kukamata inzi mwezi mzima, na mwishowe akawa hodari kuliko dada yake.

Kwa kadiri walivyokua, chakula nacho kilikua: kutoka inzi wa ndizi hadi inzi wa nyumbani, kisha nondo wanaozunguka taa, kisha panzi wadogo. Inzi wasichukuliwe chooni wala katika chumba kilichopulizwa dawa ya mbu. Mmoja aliyepoteza mguu katika ugomvi aliuotesha tena, mfupi kwanza, mrefu zaidi kila alipojivua. Jambo hilo liliwavuta askari kuja kumwangalia, na koplo mmoja wa kitengo cha uhandisi alikaa mbele ya chupa muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa.

Kufikia Oktoba alikuwa amebaki mmoja, jike, wa kijani, mwenye mabawa kamili, mrefu kama kidole cha mtu mzima. Wengine waliachiliwa katika bustani ya sajini, ambayo mwaka huo, kwa maneno yake mwenyewe, haikuwa na viwavi wa kulalamikia. Vunjajungu mwenye mabawa hajivui tena, na maisha yaliyobaki kwake ni miezi michache. Mama alilieleza hilo kwa mtoto waziwazi, wala hakungoja aulizwe.

Koplo alirudi mwezi Desemba. Alikuta watoto wamerefuka, chungu kipya pembeni mwa mlango, na juu ya meza chupa ambayo kila mtu alimtaka aitazame kabla hata hajavua viatu. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono bila kuuliza, na mdudu akapanda juu ya kidole chake, akageuza kichwa, akamkazia macho.

"Anakula nini huyu?" akauliza.

Watoto walijibu wote kwa pamoja, na mkubwa akatoka mbio kutafuta panzi. Mkewe alimpa mswaki mkononi akamwonyesha jinsi ya kupitisha kidole gumba. Bibi alikuwa amekwisha inuka, na kabla mkwewe hajaomba maji ya kunywa, alikiondoa chungu kipya mlangoni akaenda nacho jikoni.